Kima wa Harlow, bata wa Lorenz na mtoto anayepakatwa na nyumba nzima: tafiti hizi zinathibitisha nini?

Mwanachuo_Tunguu

Assalaamu alaykum.

Ninasomea ualimu wa maandalizi, mwaka wa pili. Tumepewa kazi ya kuandika juu ya namna mtoto mchanga anavyofungamana na mlezi wake, na karibu nusu ya mihadhara tuliyopewa inahusu wanyama: bata bukini wa Konrad Lorenz, kima wa Harry Harlow, panya wa Montreal. Majaribio yenyewe nimeyafahamu. Kinachonitatiza ni kwamba kila mtu huyasemesha anavyotaka. Katika mjadala wa darasani mwenzetu mmoja alisimama akasema kuwa Harlow amethibitisha kwamba mtoto asipokuwa mikononi mwa mama yake peke yake muda wote wa mwaka wa kwanza, hatajua kupenda mpaka anazeeka, na kwa hivyo desturi yetu ya kumtoa mtoto kwa mama kumpeleka kwa bibi, kwa shangazi na kwa dada zake wakubwa ni kosa linalofanyika kila siku. Nyumbani nako bibi yangu ana kauli yake: mtoto asipakatwe mno, atazoea mikono, kisha nani atapika?

Dada yangu ana mtoto wa miezi mitano, naye amerudi kazini. Mchana mtoto hubaki na bibi pamoja na mke wa mjomba. Kwa hivyo suali langu si la kutafuta alama tu. Je, tafiti hizi zinamuunga mkono mwenzangu au bibi? Na je, ni halali kitaaluma kumpima binadamu kwa bata?

Maalim_Chake

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimesomesha somo hili miaka mingi katika mafunzo ya ualimu, na wasiwasi wako ni wa haki.

Ukimsoma Harlow bila kujua alikuwa akibishana na nani, hutamfahamu. Hadi miaka ya 1950 wanasaikolojia wa Marekani na Ulaya, waliohitilafiana karibu katika kila jambo jingine, wengi wao walikubaliana katika hili moja: mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye anayemshibisha. Harlow, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, alikuwa akilea makaki wachanga (hao ni kima wa Asia) mbali na mama zao ili wasiambukizwe maradhi, akaona jambo ambalo hakulitafuta: watoto wale waling'ang'ania vitambaa vilivyotandikwa chini ya vizimba vyao, na vitambaa vilipoondolewa ili kubadilishwa walipiga kelele. Hakuna aliyewahi kunyonyeshwa na kitambaa.

Akatenga mambo mawili ambayo kwa mama halisi hayatenganiki, yaani maziwa na mguso. Alitengeneza mama wawili wa bandia, mmoja wa waya mtupu na mwengine wa gogo lililofunikwa sponji na kitambaa cha taulo. Watoto wanane walichukuliwa kwa mama zao saa chache baada ya kuzaliwa. Wanne walipata maziwa kutoka kwa mama wa waya na wanne kutoka kwa mama wa taulo. Walikunywa sawa na kuongezeka uzito sawa, lakini wote walishinda na kulala juu ya mama wa taulo, na wale waliolishwa na waya walikuwa wakienda kunyonya kisha wakirejea upesi kule kwenye ulaini. Alipowaingizia kizimbani dubu wa kuchezea wa mitambo anayepiga ngoma, walimkimbilia mama wa taulo, wakajisugua mwilini mwake, na baada ya kitambo wakageuza shingo kumtazama yule dubu, hata baadhi yao wakathubutu kumsogelea. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu bora ya utafiti mzima, kwa sababu inaonyesha kazi ya mfungamano: mtoto aliyepata pa kushika hupata ujasiri wa kutazama. Matokeo hayo Harlow aliyatangaza mwaka 1958.

Ushahidi wa jaribio lile unaishia hapo. Mguso umeyashinda maziwa. Juu ya idadi ya walezi halisemi neno.

Anachokitaja mwenzako ni jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 1965, ambapo watoto wa kima walitengwa kabisa kwa miezi 3, 6 au 12. Waliotengwa miezi 3 walitoka wakiwa na mshituko mkubwa, mmoja akakataa kula akafa, lakini waliobaki kwa jumla walijirudi. Waliotengwa miezi 6 waliharibika vibaya, na waliotengwa mwaka mzima hawakuwa na maingiliano yoyote na wenzao. Walijikunyata pembeni, wakijikumbatia wenyewe na kuyumba mbele na nyuma. Sasa tazama walichonyimwa. Hawakunyimwa mama tu. Walinyimwa ndugu, wenzao wa rika, na kila kiumbe mwenye manyoya. Kulichukua jaribio la upweke kamili na kulifanya hoja dhidi ya mtoto mwenye bibi, shangazi na dada wanne ni kulisoma kinyume.

Tena Harlow mwenyewe alilea makundi ya watoto wasio na mama lakini waliokuwa pamoja. Walishikana mmoja nyuma ya mwengine kwa safu, wakachelewa kuanza kucheza, ila walikua wakaweza kuishi na wenzao. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Stephen Suomi waliwachukua kima waliotengwa miezi 6 wakawakutanisha na kima wadogo kuliko wao, wa miezi 3 tu, ambao umri wao ulikuwa bado wa kukumbatia na si wa kupigana. Aliyetengwa alijikunyata pembeni. Mdogo alimfuata akamparamia mgongoni, basi. Baada ya miezi kadhaa wale waliodhaniwa hawatibiki walikuwa wakicheza karibu sawa na wenzao. Tabibu wao hakuwa mama. Alikuwa mdogo mtu.

Mfugaji_Makangale

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wasomi, lakini kwa mbuzi na bata nina la kusema, kwa kuwa naona watu wanawaweka wanyama wote katika fungu moja.

Mbuzi akizaa humramba mtoto wake pale pale, na katika kumramba huko hushika harufu yake. Ukimwondoa mtoto kabla hajarambwa, ukamrejesha baada ya saa kadhaa, mama humpiga kichwa na kumkimbiza, ziwa hampi, ingawa ni wa tumbo lake mwenyewe. Kila mfugaji wa huku anajua kazi inayofuata: kumfunga mama miguu au kumshikilia pembe mtoto anyonye, na kumpaka mtoto maziwa ya mama yule au maji ya uzazi, kama yapo, ili harufu imdanganye. Nimesoma kwamba Mmarekani mmoja, Peter Klopfer, pamoja na wenzake, walilipima jambo hili mwaka 1964, wakakuta kuwa dakika 5 tu za mama na mtoto baada ya kuzaa zinatosha kumfanya ampokee baadaye. Kwa kondoo nao dirisha hilo hufungwa ndani ya saa chache.

Angalia lakini ni nani anayejifunza hapa. Ni mama, si mtoto. Kwa bata mambo ni kinyume. Sisi huwaatamisha kuku mayai ya bata, na kuku maskini hukalia siku 28 au zaidi badala ya 21. Vifaranga wakitoka humganda yeye. Anapokwenda wanakwenda, mpaka siku wanapoliona dimbwi: wao hujitosa wakaogelea, naye hubaki ukingoni akikimbia huku na huku, akilia kuwaita. Hayo ndiyo aliyoyaandika Lorenz mwaka 1935 juu ya bata bukini waliomfuata yeye mwenyewe, na kabla yake Mwingereza Douglas Spalding aliyaona kwa vifaranga wa kuku mwaka 1873. Eckhard Hess alipopima bata kwa saa, aliona kuwa kuganda kuna nguvu zaidi kati ya saa ya 13 na ya 16 tangu kuanguliwa. Sababu inaeleweka: kifaranga hutembea siku ile ile, na asipojua wa kumfuata ataliwa.

Mtoto wa binadamu huzaliwa hawezi hata kuinua shingo, amfuate nani? Hana haraka hiyo. Kima yuko karibu nasi zaidi. Ukienda Jozani ukamtazama kima punju, ambaye kidole gumba chake ni kibutu tu, utaona mtoto amejibandika tumboni kwa mama kwa vile vidole vinne, na mama anaruka tawi kwa tawi bila ya kumshika. Huyo hawezi kungoja kunyonya ndipo ashike. Akiachia, ameanguka.

Muuguzi_Mjini

Ninamshukuru ndugu yangu mfugaji, kwani suala la mbuzi limenifikia wodini bila ya wenyewe kujua kuwa ni la mbuzi. Miaka ya 1970 madaktari wawili wa Marekani, Marshall Klaus na John Kennell, wakitiwa moyo na tafiti hizo za mbuzi na kondoo, walipendekeza kwamba hata mama wa binadamu ana saa za mwanzo ambazo asipompakata mtoto wake mapenzi yatapungua. Pendekezo lao lilileta kheri kubwa, kwa sababu hospitali nyingi zilikuwa zikiwatenga watoto na mama zao bila ya sababu. Lakini liliacha hofu isiyo na msingi, na baadaye wao wenyewe waliipunguza ile kauli. Mpaka leo namwona mama aliyefanyiwa upasuaji, aliyezinduka mtoto keshavishwa na keshabebwa na bibi yake, analia kwamba amekosa saa yake. Hajakosa. Kumweka mtoto kifuani mara tu anapozaliwa kunamtia joto na kunasaidia ziwa, na pale inapowezekana tunafanya hivyo kwa kila mama. Ila binadamu hamkatai mwanawe kwa kuwa hakumnusa.

Mdogo wangu, bibi yako mheshimu, lakini katika hili la kuzoea mikono ushahidi hauko upande wake. Mwaka 1986 huko Montreal, Urs Hunziker na Ronald Barr waliwaomba baadhi ya wazazi wawabebe watoto wao kwa muda mrefu zaidi kila siku, si pale tu wanapolia. Watoto walipofika wiki 6, umri ambao kilio huwa kimepanda juu kabisa, waliobebwa zaidi walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Mama mwenye kanga mgongoni hahitaji kuchagua kati ya mtoto na sufuria, na ninadhani bibi yako mwenyewe alilea hivyo hivyo, hata kama leo anasema vyengine.

Panya wamenifundisha kuliko kima, na nataka uwatie katika kazi yako. Myron Hofer alipowatenganisha watoto wa panya na mama, aliona mambo mengi yanabadilika kwa pamoja, na mwanzoni mtu angeyaita yote huzuni. Kisha akarejesha kitu kimoja kimoja. Akirejesha joto peke yake, mtoto aliyekuwa amezubaa alichangamka. Akirejesha maziwa peke yake, mapigo ya moyo yaliyokuwa yameshuka yalipanda. Kwa hivyo mama hakuwa kitu kimoja kwa mtoto, bali alikuwa mkusanyiko wa mambo, kila moja likiendesha sehemu yake ya mwili mchanga. Watafiti wengine, Saul Schanberg na Cynthia Kuhn, waliona kuwa homoni ya ukuaji hushuka panya mchanga anapotengwa, na kwamba hurudi akipapaswa kwa nguvu kwa brashi iliyoloweshwa, kama mama anavyomramba. Kutokana na hayo Tiffany Field, pamoja na Schanberg, walijaribu kuwakanda watoto njiti, dakika 15 mara tatu kwa siku kwa siku 10, na mwaka 1986 wakaripoti kwamba uzito wao uliongezeka kwa kasi ya asilimia 47 zaidi kuliko wasiokandwa, ingawa maziwa yalikuwa kiasi kile kile. Wakunga wetu na mafuta yao ya nazi hawakungoja panya awaambie, ila ni vizuri kujua kinachotendeka ndani.

Leo mtoto njiti tunamfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kitambaa kimewazunguka wote wawili, na akiwa hajaweza kunyonya maziwa hukamuliwa akapewa kwa mpira. Utaratibu huu ulianza Bogotá mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Utafiti mkubwa wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2021, uliona kuwa ukianzwa mara baada ya kuzaliwa, bila ya kungoja mtoto atulie kwanza kwenye mashine, vifo vya watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na chini ya 1.8 hupungua kwa robo. Na mama akiwa mgonjwa, hukaa bibi au baba. Mtoto hapati joto dogo kwa kuwa kifua ni cha baba.

Mwanachuo_Tunguu

Shikamoo Maalim, shikamoo Bi Muuguzi, na ahsante ndugu mfugaji. Yamebaki mawili. Kwanza, ikiwa mguso ndio unaofunga, mbona watoto wengine humng'ang'ania mlezi anayewapiga? Pili, mhadhiri wetu anataka tuseme kama majaribio haya yalikuwa ya haki, nami kwa kweli nilipoona picha za wale kima waliotengwa sikuweza kuendelea kusoma usiku ule.

Maalim_Chake

Marahaba, mwanangu.

La kwanza Harlow na Leonard Rosenblum walilijaribu. Walitengeneza mama wa taulo ambaye mara kwa mara alimpulizia mtoto hewa kali. Mtoto hakukimbia, alizidi kumshikilia, kwa sababu kiumbe mwenye hofu humkimbilia mlezi, hata kama hofu imetoka kwa mlezi huyo huyo. Mwaka 2000 Regina Sullivan na wenzake walieleza upande wa ubongo kwa panya: mtoto wa siku chache akinusishwa harufu fulani huku akipata mshtuko mdogo wa umeme, badala ya kuichukia harufu ile huifuata, ila akipita siku ya 10 hivi huanza kuikimbia. Mchanga asiyeweza kuondoka kiotini hana faida ya kujifunza kumchukia aliye naye. Kwa hivyo ukiwa mwalimu, usitumie mapenzi ya mtoto kwa mlezi kuwa ushahidi kwamba anatendewa wema. Wapo wanaofanya hivyo, hata barazani mbele ya sheha, wakisema "mbona anamlilia?"

Panya wa Montreal wanaingia hapa pia. Michael Meaney na wenzake waliona kuwa panya wanaoramba watoto wao sana katika wiki ya kwanza huwa na watoto wanaotulia upesi baada ya msukosuko, na mwaka 2004 wakaonyesha kuwa tofauti hiyo inaonekana katika namna jeni moja ya ubongo inavyowashwa au kuzimwa. Walipobadilishana watoto, aliyezaliwa na mrambaji hafifu akalelewa na mrambaji mzuri alifanana na aliyemlea. Mwambie mwenzako: kwa panya aliyetenda kazi ni mlezi, na si lazima awe mzazi.

Lakini kwa suala la walezi wengi usibaki kwa wanyama, kwa sababu tuna watu, tena majirani zetu. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, majumbani mwao, mara kwa mara kwa miezi mingi. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kinaonyesha kuwa watoto waliokuwa na wanawake kadhaa wa kuwashughulikia walifungamana na mama zao vilevile, wakaongeza na wengine. Glasgow nako, mwaka 1964, Rudolph Schaffer na Peggy Emerson waliwafuatilia watoto 60, wakakuta kuwa wengi walipofika miezi 18 walikuwa na zaidi ya mtu mmoja wa kumlilia. John Bowlby, aliyewaleta Lorenz na Harlow katika saikolojia ya mtoto, alisisitiza kuwa yupo mmoja anayetangulia wengine, nami sioni ubaya wa kauli hiyo, maadamu haigeuzwi kuwa mmoja na hakuna mwengine. Madhara makubwa kwa binadamu yalionekana mahali ambapo mlezi hubadilika kila zamu na mtoto hana wa kwake: watoto 136 wa vituo vya Bucharest, waliofuatiliwa tangu mwaka 2001, nusu wakihamishiwa katika familia za kulea kwa kura. Waliohama kabla ya kutimiza takriban miaka miwili walijirudi vizuri zaidi kuliko waliochelewa. Bibi na mke wa mjomba wanaomjua mtoto kwa sauti ya kilio chake si zamu.

Juu ya haki ya majaribio, nitakuambia ninavyoona mimi. Jaribio la taulo lilileta jambo ambalo watu walikuwa wakilikana, na kwa hilo naweza kulitetea kwa shida. Kumtenga kima mwaka mzima, na baadaye kumtia ndani ya shimo la chuma lenye kuta za mteremko ili apate huzuni kwa makusudi, kama Harlow alivyofanya katika miaka yake ya mwisho ya kazi, hayo siwezi kuyatetea, kwa kuwa jibu lilikwishajulikana: Mskochi James Robertson alikwisha kuwaonyesha madaktari, kwa filamu ya mwaka 1952, mtoto wa miaka miwili anavyonyong'onyea hospitalini bila ya mama yake, na hakumtenga mtu yeyote kuipata, aliketi akarekodi yaliyokuwa yakitendeka. Sheria ya Marekani ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1985 iliwalazimu wenye maabara kuzingatia pia hali ya nafsi ya kima wanaowafuga, na sharti hilo haliwezi kueleweka bila ya matokeo ya Harlow mwenyewe. Andika yote mawili, wala usimwogope mhadhiri.

Muuguzi_Mjini

Nyongeza ndogo kwa ajili ya yule wa miezi mitano. Kati ya mwezi wa 6 na wa 9 ataanza kulia kwa nguvu dada yako anapotoka, na huenda akawakataa hata wageni anaowachekea leo. Watu watasema ameharibiwa na kazi ya mama yake, au kwamba bibi hamtunzi. Si hivyo, ni umri wake. Mwambie dada yako aage, asitoroke kwa mlango wa uani, na mtoto akabidhiwe mkononi kwa mtu anayemjua.